Kilomita 1,400, dereva mmoja, na mama anayevimba miguu

BARUA

Dada mpendwa, shikamoo.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto watatu: mmoja ana miaka 9, mwingine 6, na kitindamimba ana mwaka mmoja na nusu. Mama mkwe yuko nasi tangu Mei kwa sababu ya kliniki ya presha. Ana miaka 72, na akikaa kwenye kiti muda mrefu miguu yake huvimba hadi viatu havimwingii. Tunaye pia mtoto wa shemeji yangu, kijana wa miaka 24.

Baba mkwe alifariki Desemba iliyopita. Ibada ya kumbukumbu ni tarehe 27 Desemba, nyumbani kwao Kamachumu, wilaya ya Muleba. Sote lazima tuwepo, na mama ndiye hasa, kwani hiyo ni siku ya mumewe.

Ugomvi wetu ni wa njia ya kwenda. Mume wangu amepanga tusafiri na gari letu, Noah. Kazini anaachiwa tarehe 23 jioni. Anataka apumzike kidogo, tuondoke saa nne usiku, atembee usiku kucha na kesho yake mchana, ili Krismasi itukute kwao. Anasema kilomita ni 1,400 tu, saa 16 zinatosha, na usiku barabara ni nyeupe. Hesabu yake ya pesa ni mafuta, basi. Nikimuuliza habari ya kulala njiani anasema gesti ni kutupa hela, na kwamba ameshawahi kwenda Moshi usiku mara nyingi bila tatizo. Ni kweli anaendesha vizuri, sijawahi kumuona akifanya ujinga barabarani. Lakini mimi naogopa, dada. Nikifikiria watoto wamelala nyuma na yeye peke yake macho, usingizi unanipaa.

Dada yake anasema tupande ndege hadi Bukoba. Tulipoulizia nauli ya watu wote kwenda na kurudi, tulinyamaza. Shemeji anasema tupande basi, nauli tuliyotajiwa ni karibu shilingi 90,000 kwa siti. Mwingine akasema twende Mwanza halafu tuvuke na meli. Hapo mama alisimama akaingia chumbani. Kaka yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na tangu hapo hataki kusikia habari ya kulala juu ya maji. Mama mwenyewe hasemi anataka nini. Ukimuuliza anajibu, "Mtakavyoona wanangu."

Kila nikizungumza na mume wangu anaona namdharau kama dereva. Naomba unisaidie, niseme nini, na tusafirije?

Mama wa Watatu, Kimara

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hofu yako si ya kijinga hata kidogo.

Nianze na hesabu ya mumeo, maana hapo ndipo mambo yote yamejificha. Kilomita 1,400 kwa saa 16 maana yake ni wastani wa karibu kilomita 88 kwa saa, bila kusimama hata mara moja. Njia yenu inapita Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Kahama, Ushirombo, Biharamulo. Kila penye nyumba kuna kibao cha 50, na nyumba ni nyingi kuliko anavyokumbuka. Kuna matuta, kuna trafiki wenye tochi na faini ya shilingi 30,000 kwa kila kosa, kuna malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanayopanda milima kwa mwendo wa kobe. Mtu mwangalifu, kama unavyomsifu, atapata wastani wa kilomita 60 hivi. Hiyo ni saa 23 za usukani, kabla mtoto hajaomba kukojoa na kabla mama hajanyoosha miguu. Na atakuwa ametoka kazini siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana nasema nafuu ya gari anayoihesabu imetokana na usingizi wake. Ukiondoa gesti kwenye bajeti, gharama ya kulala inabaki palepale, ila imehamishiwa kwenye mwili wa dereva.

Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mwili wa binadamu umeumbwa kulala wakati huo, uwe dereva hodari au mwanafunzi. Usingizi wa barabarani haubishi hodi. Mtu hafumbi macho akajua amefumba, anapotea kwa sekunde tatu au nne tu. Gari likiwa kwenye 100, sekunde nne ni zaidi ya mita 110. Na hiyo "barabara nyeupe" ya usiku ndiyo yenye semitrela lililoharibika bila taa, na matawi ya miti yaliyotupwa lami kumwonya anayekuja. Mchana ukiyaona matawi unapunguza mwendo. Usiku, kwa macho yaliyochoka, unayaona ukiwa umeshayakanyaga.

Kaka yangu ni dereva wa miaka 20. Alikuwa anatuleta Dar kutoka Singida baada ya harusi, alfajiri, kabla ya Gairo. Kilichomwamsha ni sauti ya kokoto chini ya tairi la kushoto. Hakuna aliyeumia. Alisimamisha gari, akashuka, akakaa chini kwenye majani, na hakusema neno mpaka jua lilipochomoza. Mpaka leo hawezi kueleza kilomita chache za kabla ya pale zilipitaje. Sikuambii haya ili umtishe mumeo. Nakuambia ili ujue kwamba ustadi hauna uwezo juu ya usingizi.

Sasa tuziangalie njia nyingine.

Basi si wazo baya, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Safari ndefu kama hiyo inatakiwa kuwa na madereva wawili wa kupokezana, na mwendo wa basi una kikomo cha 80. Kwa familia ya vijana ningesema nendeni stendi ya Mbezi mkakate tiketi. Kwa mama yenu nasita. Ni karibu siku nzima na usiku wake kwenye siti moja, na basi halisimami kwa sababu ya mtu mmoja. Kuna jambo wazee hawalisemi. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Basi likisimama ili watu wajisaidie, vijana wanaingia porini, mama wa miaka 72 mwenye miguu iliyovimba anabaki ndani kwa aibu. Matokeo yake anaacha kunywa maji tangu asubuhi, au anaruka vidonge vya siku hiyo. Nimeliona hilo kwa mama yangu mzazi. Kutokunywa maji na kukaa bila kujongea kwa saa nyingi ndiyo njia ya damu kuganda miguuni, na presha bila dawa nayo haina subira.

Meli, iacheni kabisa. MV Victoria imekarabatiwa na tangu 2020 inafanya kazi tena kati ya Mwanza, Kemondo na Bukoba, na kwa mtu mwingine ningeisifia bila wasiwasi: unalala, unaamka umefika. Lakini kumwomba mama avuke maji yaliyomchukua kaka yake, akienda kwenye kumbukumbu ya mumewe, ni kumbebesha misiba miwili kwa safari moja. Alipoingia chumbani alishawajibu. Kuna atakayewaambia pia mpite Mwanza kwa gari kwa sababu daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, hakuna tena foleni ya kivuko. Ni kweli, na ni ahueni kubwa kwa watu wa Geita na Chato. Kwa anayetoka Dar kwenda Muleba ni kuzunguka bure, labda muwe na ndugu wa kuwalaza Mwanza. Na nalo linapita juu ya ziwa lilelile.

Treni ya zamani ya reli ya kati ina nafasi ya mtu kusimama na kutembea, lakini ni ndefu mno kwa likizo yenu, na mvua zikikolea bonde la Kilosa hadi Gulwe reli hukatika. Sitaizungumzia zaidi.

Ndege ndiyo laini kuliko zote kwa mama. Msiifute, iwekeni kando kama akiba, nitarudi kwake.

Ushauri wangu ni huu: msichague usafiri mmoja kwa wote. Mchanganye.

Tarehe 23 mumeo akitoka kazini, ale, alale. Tarehe 24 alfajiri, saa kumi na moja, yeye na yule kijana waondoke na Noah na mizigo, wapite Chalinze kabla foleni haijakaza. Wewe, mama na watoto pandeni treni ya umeme, SGR, kwenda Dodoma. Ni safari ya saa tatu na nusu hadi nne, choo kiko ndani, na mama anaweza kutembea kwenye behewa akinyoosha miguu. Nauli ya treni ya kawaida tangu safari zilipoanza 2024 ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipiwa nusu, na wa chini ya hapo hawalipiwi. Kwa hiyo ninyi wote ni kama shilingi 93,000. Kwa hela hiyo umemtoa mama kwenye gari kwa kilomita 450, na umewatoa watoto kwenye kutapika kwa milima ya Gairo. Wakutane nanyi Dodoma mchana, mle, mlale hapo. Misa ya mkesha iko tele Dodoma.

Tarehe 25 tokeni Dodoma saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nzega, kama kilomita 450 nyingine. Simameni Manyoni, simameni Singida mle kuku wa kienyeji bila haraka, na mkishateremka mlima Sekenke kwa gia nzito, simameni tena Igunga. Mtafika Nzega kabla ya giza. Mkiwa na nguvu nyingi Kahama ina gesti nyingi zaidi, lakini msiipigie hesabu tangu asubuhi, kwani mtakuwa mnakimbizana nayo siku nzima. Tarehe 26 ni Nzega hadi Kamachumu, zaidi kidogo ya kilomita 500. Pale Lusahunga malori yananyoosha kwenda Rusumo, ninyi mnakata kwenda Biharamulo, na barabara inapumua. Mapori ya huko zamani yalikuwa hayapitwi bila woga, mabasi yakisindikizwa na polisi, na mpaka leo mimi sioni sababu ya kuyapita usiku. Mkiondoka mapema mtaingia nyumbani jioni, na kesho yake ndiyo ibada.

Najua nimewanyang'anya Krismasi ya Kamachumu. Itawakuta barabarani, sahani ya kuku Singida badala ya ndizi za nyumbani, na hilo litamuuma mumeo kuliko hela. Sina njia ya kulipamba. Tarehe aliyoachiwa kazini na umbali wa kwao havitoi Krismasi bila kuuza usiku mzima, na huo usiku una watoto watatu ndani.

Pesa nazo niziseme wazi, usije ukaambiwa dada amekudanganya. Noah ikila lita moja kwa kilomita 10, kwenda ni lita 140. Petroli tuiweke shilingi 3,000, mtairekebisha kwa bei ya Desemba ya EWURA, wale wanaotangaza bei za mafuta, inakuwa 420,000. Vyumba viwili kwa usiku mbili, tuseme 40,000 kila kimoja, ni 160,000. Ongeza treni 93,000. Jumla 673,000 kwenda, kabla ya chakula na fundi. Basi kwa siti sita, hata mkilipia watoto nauli kamili, ni 540,000. Kwa hiyo gari likiendeshwa inavyopaswa si rahisi kuliko basi. Mnachonunua ni uwezo wa kusimama mama anapotaka, na kuwa na gari mkifika kijijini ambako kila shughuli ya msiba inataka usafiri. Mimi naona inafaa kulipia. Lakini mlipie mkijua.

Kuhusu yule kijana, ana leseni? Barua yako haijasema. Kama anayo na ameshaendesha Noah, apewe vipande vya asubuhi vilivyonyooka, kama Manyoni hadi Singida. Kama hana, kazi yake ni kukaa mbele, macho wazi, kuongea. Asilale. Anayekaa kiti cha mbele akalala, dereva naye humfuata.

Kabla ya yote, mama aende kliniki mwambie daktari wazi: siku tatu za safari, vituo kila saa mbili, miguu inavimba. Aulize pia dawa zile atazimezaje safarini. Daktari akikataa, hapo ndipo ile ndege ya akiba inapotoka: mama, wewe na mchanga mruke hadi Bukoba, ndugu wawapokee, maana kutoka Bukoba hadi Kamachumu bado kuna mwendo wa gari. Wale wakubwa wawili waende na baba yao na kijana kwa ratiba ileile, na kulala kulekule. Ni nauli mbili na kidogo, si nauli ya ukoo mzima. Kateni mapema, na mkiweza msipange kufika siku moja kabla ya ibada, kwani hali ya hewa ya ziwa ina maamuzi yake.

Na sasa lile gumu, mumeo. Usimwambie tena "naogopa unavyoendesha". Huogopi hivyo, na yeye anasikia hivyo. Mwambie ukweli ulioniandikia mimi, kwamba hujawahi kumuona akifanya ujinga barabarani, halafu mwambie unataka afike kwenye kumbukumbu ya baba yake akiwa na nguvu za kusimama mbele ya watu. Mtoto wa kiume kwenye siku ile ana kazi. Atapokea wageni, atasema maneno, atazunguka kaburini na mama. Mtu aliyeendesha saa 23 atayafanya hayo akiwa nusu mtu. Hizo gesti anazoziita kutupa hela ndizo zitakazompa ile siku. Mwachie yeye achague mlale gesti ipi Dodoma na ipi Nzega, apige simu mwenyewe, aulize kama kuna uzio wa kuegesha gari. Safari ni yake pia, asihisi amepangiwa kama mzigo.

Mama naye msimuulize tena mbele ya wote "unataka nini". Mama wa Kihaya aliyelelewa kwa heshima hawezi kukaa sebuleni akawaambia wanawe watumie hela kwa ajili ya miguu yake. Mumeo akae naye wawili tu, jioni, amuulize jambo dogo: "Mama, ukikaa ndani ya gari, baada ya muda gani miguu inaanza kuuma?" Akijibu, mumeo atakuwa ameipata ratiba kutoka kinywani mwa mama yake. Wewe hutahitaji kubishana tena.

Gari lionwe na fundi wiki mbili kabla, msingoje siku ya mwisho, ili kama breki zinataka pedi mpya muwe na siku za kulijaribu mjini. Tairi zote na la akiba, jeki, spana yenyewe ya nati za tairi hilo, pembetatu, kizima moto, bima isiyokwisha katikati ya safari. Msijaze keria hadi gari liyumbe, mahindi na mablanketi ya kupeleka nyumbani yatumeni kwa basi kama kifurushi. Vidonge vya mama vikae kwenye mkoba wako, visiwekwe kwenye buti chini ya masanduku. Kila saa mbili simameni, na mama ashuke hata kama anasema hajachoka. Simameni penye vyoo vya heshima, kwenye vituo vya mafuta, ili anywe maji bila hesabu.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Mumeo anarudi kazini lini? Kama ni tarehe 2 Januari, lazima mtoke Kamachumu tarehe 30, na hapo ndipo kishawishi cha usiku mmoja kitakuja kwa nguvu zaidi, kwa sababu shughuli imeisha, kila mtu amechoka na senene wamejaa kwenye buti. Bado ni Novemba. Aombe siku mbili za ziada sasa, kabla wenzake kazini hawajaziomba.